Kitabu cha mwasisi kipimwe kwa kurasa zinazouma

Ukitaja Buluo mbele ya Mkongo aliyefuatilia siasa za nchi yake, jambo la kwanza litakalomjia ni gereza. Sisi wa huku pembeni mwa Likasi hatulipendi sana jambo hilo, lakini jina limeshashikamana na kuta zile. Mwaka 1998, serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipotaka kuwaweka Joseph Olenghankoy, Arthur Z'ahidi Ngoma na Masasu Nindaga mbali na macho ya Kinshasa, iliwaleta Buluo. Na wazee wa hapa watakueleza kwamba miaka 38 kabla ya hao alipita mfungwa mkubwa kuliko wote: Patrice Lumumba, Januari 1960, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville.

Vitabu vingi vinavyosimulia maisha ya Lumumba hupita hapo mbio. Vinaandika kwamba alipelekwa gereza la Jadotville, kisha vinakimbilia Brussels. Siku zenyewe zilikuwa chache. Tarehe 20 Januari 1960 Mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Brussels kujadili hatima ya Kongo. Kesho yake mahakama ya Stanleyville ilimhukumu Lumumba kifungo cha miezi sita kwa vurugu za Oktoba 1959. Akasafirishwa kwa ndege hadi Katanga. Wajumbe wa Kongo kule Brussels wakadai aachiliwe, na tarehe 26 alikuwa ameshatua Ubelgiji, akiwaonyesha wapiga picha vifundo vya mikono vilivyofungwa bendeji, palipochubuliwa na pingu. Tarehe 27 ikatangazwa kwamba Kongo itajitawala tarehe 30 Juni. Mtu mmoja, katika wiki moja, alikuwa mfungwa wa kutupwa Katanga na mjumbe asiyeweza kuachwa nje ya mkutano.

Vijana wanaopenda kusoma huuliza wanunue kitabu gani kuhusu Lumumba, Tshombe, Kasa-Vubu au Kabila. Swali ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu vitabu si haba. Vipo vya Wabelgiji, vya Wafaransa, vya Waingereza, vya Wamarekani, na vya Wakongo wenyewe. Vingine vinamfanya mtu malaika, vingine vinamfanya shetani, na vyote vina majalada ya kuvutia. Jibu langu ni hili: wasifu wa mwasisi wa taifa usipimwe kwa sifa unazomwaga wala kwa matusi unayotupa. Upimwe kwa kurasa zile ambazo mwandishi angeweza kuziruka na wapenzi wa shujaa wake wangemshukuru.

Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na waandishi wa wasifu ni waamba ngoma hodari. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitabu kinasema nini, uliza kiliandikwa lini. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, kando ya barabara ya kutoka Lubumbashi kuja Likasi. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mateka walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Mwandishi Mbelgiji Pierre De Vos alichapisha kitabu juu ya maisha na kifo cha Lumumba mwaka huohuo. Mtu aliyeandika mwaka 1961 hata awe mwaminifu namna gani, alikuwa anaandika huku milango ya nyaraka ikiwa imefungwa na wauaji wakiwa ofisini. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1999, Ludo De Witte alipochambua nyaraka za Ubelgiji na za Umoja wa Mataifa, ndipo tukapata maelezo yenye mpangilio: nani alitoa amri, nani aliwaleta uwanja wa ndege, nani alisimama pale miti ilipogeuzwa nguzo za kuulia.

Tarehe ya kitabu inakuambia pia nani alikuwa mwenye nguvu wakati wino unakauka. Mwaka 1962 mwandishi wa habari Mbelgiji Francis Monheim alitoa kitabu juu ya Mobutu, kikimpamba kama mtu aliyebeba mzigo peke yake. Wakati huo Mobutu alikuwa mkuu wa jeshi, na kitabu kilimsaidia kuliko bunduki. Miaka minne baadaye, tarehe 30 Juni 1966, Mobutu huyohuyo, aliyempindua Lumumba na kumweka kizuizini mikononi mwa askari wake, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Baada ya hapo, kumsifu Lumumba nchini Zaire hakukuhitaji ujasiri. Ujasiri ulihitajika kuuliza nani alimkabidhi kwa maadui zake. Msomaji akikutana na wasifu wa miaka ile uliojaa machozi kwa ajili ya Lumumba, atafute sentensi moja tu inayotaja nafasi ya Mobutu. Asipoiona, ajue anasoma risala ya serikali.

Ukishajua kitabu ni cha lini, uliza mwandishi amejuaje anayoyasema. Wamarekani wana mfano unaochekesha. Mhubiri Mason Weems aliandika wasifu wa George Washington mara tu baada ya rais huyo wa kwanza kufariki mwaka 1799. Kitabu kiliuzwa sana, na katika toleo la 1806 akaongeza kisa cha mtoto Washington kukata mti wa mcheri wa baba yake kisha kukiri kwa kuwa hawezi kusema uongo. Hakuna ushahidi wa kisa hicho nje ya kitabu cha Weems. Hadithi ya kuwafundisha watoto ukweli imetungwa, na vizazi kwa vizazi vya watoto wa shule wa Marekani vimeikariri.

Kwetu mti wa mcheri ni mahali pa kuzaliwa. Laurent-Désiré Kabila alizaliwa tarehe 27 Novemba 1939, lakini wapi? Wako wanaosema Jadotville, yaani hapahapa Likasi, na wako wanaosema Moba, au Ankoro. Katika Katanga hilo si swali dogo, maana kijiji cha mtu kinabeba kabila, na kabila linabeba madai ya madaraka. Mwandishi anayekupa jibu kavu bila kukuambia kwamba kuna ubishi, na bila kusema amemsikia nani, anakutaka umwamini kwa uso wake. Erik Kennes, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya Kabila mwaka 2003 akisaidiwa na Munkana N'Ge, alikiita jaribio la wasifu. Neno hilo la unyenyekevu kwenye jalada ni dalili njema. Mtu aliyeishi miongo mingi msituni, Dar es Salaam na kwingineko kwa majina mbalimbali hawezi kusimuliwa kwa uhakika wa mia kwa mia, na mwandishi mwaminifu huanza kwa kulikubali hilo.

Katika vitabu juu ya Lumumba, kazi ninayoiweka juu kwa swali hili ni ya Jean Omasombo Tshonda na Benoît Verhaegen. Mkongo na Mbelgiji hawa walitoa juzuu mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1998, inaanzia kuzaliwa kwake mwaka 1925 hadi 1956. Ya pili, ya 2005, inaishia Februari 1960. Ni juzuu mbili nzima kabla shujaa hajawa waziri mkuu! Msomaji anayetafuta msisimko atachoka mapema. Lakini humo ndimo utakapomkuta karani wa posta wa Stanleyville, mwenyekiti wa vyama vya Waafrika waliosoma, mtu aliyeandika makala gazetini na kupigania kadi ya kutambuliwa kama mstaarabu. Huwezi kuelewa hasira ya hotuba ya 30 Juni 1960 kama hukumwona mtu huyu akiomba kwa adabu kwa miaka kumi na kukataliwa.

Humo pia ndimo zilimo kurasa zinazouma. Julai 1956 Lumumba alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta. Hakukana kuzichukua. Alitoka kifungoni Septemba 1957. Waandishi wa sifa hulimaliza jambo hili kwa maneno mawili, fitina za wakoloni. Waandishi wa chuki hulimaliza kwa neno moja, mwizi. Wote wamekwepa kazi. Kazi ni kueleza mshahara wa karani Mwafrika ukilinganishwa na wa karani mzungu, gharama za kuishi kama "mstaarabu" ili uheshimiwe, na namna gereza lilivyombadilisha. Akiwa mahabusu aliandika kitabu chake juu ya Kongo, kilichokuja kuchapwa baada ya kifo chake, na ndani yake bado alikuwa anatafuta umoja wa Wabelgiji na Wakongo. Oktoba 1958 akaunda chama cha MNC, Desemba akaenda Accra kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Nkrumah, na aliporudi lugha ilikuwa nyingine. Mtu huyu alibadilika mbele ya macho ya watu. Kitabu kinachomwonyesha akiwa mwanamapinduzi tangu utotoni kijijini kwao Onalua kimemnyima jambo kubwa zaidi alilolifanya, kukua.

Swali gumu kuliko yote, na ambalo kwa mtu wa Likasi ndilo muhimu kuliko yote, ni je, kitabu kinamtendeaje adui?

Huku kwetu tumelelewa na simulizi mbili. Ziko nyumba ambamo Moïse Tshombe ni baba wa Katanga, mtu aliyelipa mishahara kwa wakati na kulinda mali ya nchi isiliwe na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Ana sanamu yake katikati ya Lubumbashi. Ziko nyumba ambamo yeye ni kibaraka wa kampuni ya madini ya Union Minière na muuaji wa Lumumba. Mtoto anaweza kusoma darasa moja na mwenzake, wakacheza mpira pamoja, na kila mmoja akalala usiku akiwa na shujaa ambaye ni msaliti wa mwenzake. Soko la vitabu linawahudumia wote wawili, kila mmoja kwa anachotaka kusikia.

Mimi nina mizani yangu, na ina pande mbili. Wasifu wa Tshombe lazima upite kaskazini mwa Katanga. Huko chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilikataa Katanga kujitenga na Kongo, na askari wa Katanga wakiongozwa na maofisa wazungu waliingia vijijini kwa moto na risasi. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwandishi anayesimulia kupanda na kuanguka kwa Tshombe, mahoteli ya Ulaya, mamluki, kurudi kwake kama waziri mkuu mwaka 1964, kutekwa kwa ndege yake mwaka 1967 na kifo chake Algiers mwaka 1969, lakini hajakaa hata sura moja na wakimbizi wale, ameandika maisha ya mtu bila watu aliowatawala.

Na wasifu wa Lumumba lazima upite Bakwanga. Agosti 1960, jeshi la serikali yake lilipoingia Kasai ya Kusini kuvunja dola iliyojitenga ya Albert Kalonji, liliua raia wa Kiluba wengi. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema mauaji yale yana sura ya kosa la kuangamiza watu. Rais Kasa-Vubu aliyataja miongoni mwa sababu za kumfukuza kazi Lumumba tarehe 5 Septemba. Je, Lumumba aliamuru raia wauawe? Alijua nini, lini? Jeshi lililoasi mwezi Julai lilikuwa linamtii kiasi gani? Wabelgiji waliokuwa nyuma ya Kalonji walikuwa na mchango gani? Hayo ndiyo maswali ya mwandishi wa wasifu. Ukifungua kitabu cha kumtukuza Lumumba ukakuta Bakwanga imepewa mistari miwili, umeshakipima. Na ukifungua cha kumponda ukakuta Bakwanga ina sura nzima lakini kaskazini mwa Katanga haimo, nacho umekipima.

Kwa nini nalisisitiza hili? Likasi ina sababu zake. Mwaka 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na baba zao wakazeekea katika viwanda vya Shituru, walifukuzwa majumbani. Maelfu walilala katika kituo cha treni cha Likasi wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Siasa za wakati ule zilikuwa na mizizi mingi, ya kazi, ya vyeo na ya uchochezi wa wakubwa. Lakini lugha iliyotumika ilikuwa lugha ya 1960: wenyeji na wageni, wazalendo na wasaliti. Taifa ambalo halijawahi kuwasoma waasisi wake kwa pande zote mbili huwarithisha watoto ugomvi wao bila kuwarithisha sababu.

Kuna kundi jingine ambalo vitabu vingi hulisahau, nalo ni watu waliokuwa ndani ya nyumba. Hapa Marekani inatupa somo zito kuliko lile la mti wa mcheri. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa tangazo la uhuru la 1776, alimiliki watumwa mamia katika maisha yake. Mwaka 1873 Madison Hemings, aliyezaliwa mtumwa katika shamba la Jefferson, alilieleza gazeti moja la Ohio kwamba yeye na ndugu zake ni watoto wa Jefferson kwa mama yao Sally. Kwa zaidi ya miaka 100 waandishi wakubwa wa wasifu wa Jefferson walilipuuza neno lake. Dumas Malone aliandika juzuu sita, kati ya 1948 na 1981, akapata tuzo, na akabaki anakataa. Mwaka 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed alichukua ushahidi uleule wa zamani akaupima kwa kanuni za mahakama. Hakuwa na nyaraka mpya za ajabu. Aliuliza tu kwa nini neno la wajukuu wa bwana liliaminiwa na neno la mtoto wa mtumwa likatupwa. Mwaka uliofuata vipimo vya vinasaba vya kizazi cha Hemings vikaelekea upande wake. Kosa la Malone halikuwa uvivu. Alisoma kila karatasi, lakini alikwishaamua karatasi ya nani ina uzito.

Katanga ina akina Madison Hemings wake, na wengine waliandika kwa Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa majumbani, maboyi waliopika, wakafua na kusikia mazungumzo ya wazungu mezani. Kijitabu kile kimeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, bila kujali sarufi ya shule, na kinawatazama wakubwa wa Kibelgiji kwa macho ya watumishi wao. Miaka michache baadaye, mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akieleza kila picha kwa Kiswahili chetu. Katika picha ya mauaji ya 17 Januari 1961, maiti tatu zimelala chini, na nyuma yake kwenye kilima imesimama misalaba mitatu. Tshibumba hakuwa anadai alikuwepo. Alikuwa anasema watu wa mitaani walivyokipokea kifo kile: kama kifo cha Yesu kati ya watu wawili. Mwandishi wa wasifu anayepuuza picha ile amekosa nusu ya maisha ya Lumumba, ile nusu iliyoanza baada ya kufa.

Na wanawake je? Pauline Opango, mke aliyefiwa, alitembea katika mitaa ya Léopoldville Februari 1961 kifua wazi, katika maombolezo ya desturi, akidai mwili wa mume wake. Aliishi hadi Desemba 2014 bila kuupata. Kitabu kinachomtaja mara moja kwenye ndoa na mara moja kwenye msiba kimemfanya samani ya nyumba. Ndugu zetu wa Tanzania wameshaliona jambo hili upande wao. Mohamed Said, katika kitabu chake cha 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, aliulazimisha umma kuuliza ni kina nani waliofutwa katika simulizi rasmi ya TANU, na Susan Geiger, mwaka mmoja kabla yake, aliwapa sauti wanawake wa chama hicho, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele. Unaweza kubishana na Mohamed Said katika mengi, na wengi wanabishana naye. Lakini baada yake hakuna anayeandika juu ya Nyerere akajifanya kwamba wazee wa Kariakoo hawakuwepo.

Najua pingamizi. Wako wanaosema kwamba nchi iliyoibiwa na kuchomwa kama yetu inahitaji mashujaa, na kwamba kufukua posta ya Stanleyville au maiti za Bakwanga ni kuwapa wazungu fimbo ya kutuchapia. Hoja hii inastahili jibu, kwa kuwa wanaoitoa wengi wao wanaipenda nchi kwa dhati. Jibu langu liko katika jino. Mwaka 2022, tarehe 20 Juni, Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino moja, mabaki pekee ya mtu ambaye mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali na polisi Mbelgiji Gerard Soete. Jino lile lilizungushwa nchini, likafikishwa Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Ni kitu gani kilichoilazimisha Ubelgiji kufika hapo? Nyimbo za sifa zilikuwepo tangu 1961, mitaa na viwanja viliitwa jina lake Afrika nzima, na Brussels haikutikisika. Kilichoitikisa ni kitabu chenye tanbihi. Baada ya kazi ya De Witte, bunge la Ubelgiji liliunda tume, na mwaka 2001 tume hiyo ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri na watumishi wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili. Mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Waliomtetea Lumumba kwa nguvu zaidi ni wale waliohesabu telegramu. Shujaa wa kweli haogopi faili lake kufunguliwa.

Linabaki jambo la lugha, na hapa lawama ni yetu wenyewe. Kijana wa Buluo asiyesoma Kifaransa cha chuo kikuu wala Kiingereza, karibu vitabu vyote nilivyovitaja vimefungwa kwake. Wakati huohuo Kiswahili kina historia ndefu katika uandishi huu. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyetawala kutoka Kasongo na kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni tawasifu ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, isomwe kwa jicho kali, lakini ni ushahidi kwamba siasa za mashariki mwa Kongo zilisimuliwa kwa lugha hii kabla Lumumba hajazaliwa. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Lakini mwaka 2020, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walipotoa wasifu mkubwa wa Nyerere katika juzuu tatu, waliutoa kwa Kiingereza, ilhali mtu wanayemwandika aliijenga nchi yake kwa Kiswahili. Sisi wa Katanga hatuna hata cha kulalamikia. Sendwe ana hospitali kubwa yenye jina lake Lubumbashi, na wagonjwa wanaoingia pale hawana kijitabu kimoja cha Kiswahili cha kuwaambia alikuwa nani na aliuawaje Albertville mwaka 1964. Évariste Kimba, mtoto wa Katanga aliyekuwa waziri mkuu kwa wiki chache na kunyongwa hadharani Kinshasa tarehe 2 Juni 1966, anajulikana kwa jina tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu watatu. Kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi thamani ya simulizi za wafanyakazi wa migodini: toeni sehemu ya kazi hiyo kwa Kiswahili, kwa vitabu vidogo vya bei ya sokoni. Kwa redio za Likasi: aliyekuwa na miaka 20 Lumumba alipoletwa Jadotville amevuka miaka 80 sasa. Mrekodini mlinzi, mpishi, mke wa askari, mwuza mikate wa karibu na gereza, kabla hatujabaki na ule mstari mmoja wa vitabu vya wageni.

Na kwako, ndugu msomaji, utakapoletewa wasifu wa mwasisi yeyote, usianze na sura ya kwanza. Tafuta kwanza mwaka wa kuchapwa. Tazama kama kuna tanbihi na faharasa. Kisha nenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoujua kuwa unauma: kwa Lumumba, Bakwanga, kwa Tshombe, kaskazini mwa Katanga na usiku wa Shilatembo, kwa Mobutu, makabidhiano ya Januari 1961, kwa Kabila, miaka yake ya msituni, ambayo Che Guevara aliiandika kwa uchungu baada ya kukaa Kongo mwaka 1965. Mwandishi akiwa amesimama hapo na kusema alichokiona, nunua kitabu, hata kama anampenda mtu wake kupita kiasi. Akiwa ameruka, mrudishie mwuzaji. Fedha ya Mkongo haipatikani kirahisi kiasi cha kununulia uongo uliopambwa.